Himma ya Kiingereza kwa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu

Katika mambo yanayosemwa sana na kufikiriwa kidogo hapa petu, kadhia ya Kiingereza cha wanafunzi wa vyuo vikuu haikosi kuwa miongoni mwa yaliyo mbele. Wahadhiri hulalama kwamba vijana huletwa chuoni hali hawajui kuandika barua. Vijana hunung'unika kwamba wahadhiri husoma maandishi yao kwa kasi kisha wakaondoka. Waajiri hukunja nyuso juu ya maombi ya kazi. Na wazazi, ambao wengi wao hapa Iyula waliuza kahawa na mahindi ili ada ipatikane, hushangaa kumwona mtoto aliyekaa darasani miaka kumi na sita akibabaika mbele ya mgeni. Kila upande humtafuta wa kulaumiwa, na aghalabu lawama humwangukia mwanafunzi mwenyewe, kwamba ni mvivu, hana himma, apenda simu kuliko kitabu. Sikubaliani na hukumu hiyo. Rai yangu ni kuwa kijana huingia chuoni ana raghba kubwa ya Kiingereza, pengine kubwa kuliko uwezo wake, na kwamba raghba hiyo hufishwa na namna anavyokutanishwa na lugha yenyewe, maana humjia siku zote kwa sura ya mtihani, na ni nadra sana kumjia kwa sura ya kazi yenye mtu anayeingojea.

Tumtazame kwanza kijana huyo atoka wapi. Iyula ni kata ya Wilaya ya Mbozi, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na katika nyumba nyingi za huku lugha ya jikoni ni Kinyiha, au Kindali kwa waliohamia, ilhali Kiswahili ni lugha ya soko, ya ibada, ya mkutano wa kijiji na ya shule ya msingi. Kiingereza hakina pahala pake pa kukaa katika maisha hayo. Mwanazuoni Mohamed Abdulaziz Mkilifi aliieleza hali hii mwaka 1972, aliponena kwamba lugha tatu zinagawana kazi katika maisha ya Mtanzania, lugha ya kwao, Kiswahili na Kiingereza, kila moja na mipaka yake. Na miaka zaidi ya hamsini baadaye mgawanyo huo ungali unatambulikana kwa mtu yeyote atakayeketi saa moja kwenye kibaraza cha duka. Mtoto husoma Kiingereza kama somo moja miongoni mwa masomo, kisha anapoingia kidato cha kwanza akakuta kwamba jiografia, hesabu, bayolojia na historia, vyote vimegeuka lugha kwa siku moja, isipokuwa masomo machache, kama lile la Kiswahili. Hapo ndipo anapojifunza kukariri. Hukariri kwa sababu ya busara, si kwa upumbavu: mtu asiyeelewa jambo na akatakiwa kulijibu, hana silaha nyingine. Na silaha hiyo ikimfikisha hadi kidato cha sita, ikampa na daraja la kuingia chuo kikuu, nani atamshawishi kuiweka chini?

Serikali nayo, tukisema kweli bila ya kuvunja heshima, imekuwa na nia mbili katika jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1967, katika zama za Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za umma, na ikadhaniwa kwamba sekondari zitafuata. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta, iliyotoa taarifa yake mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na kifike vyuo vikuu mwaka 1991. Pendekezo hilo likakataliwa. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Clive Criper na William Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza mashuleni na vyuoni, wakaona kwamba hata chuo kikuu ni wachache, chini ya asilimia 20 ya waliopimwa, waliokuwa na uwezo wa kusoma kwa wepesi hata vile vitabu rahisi vya masomo yao. Juu ya hayo shauri lao lilikuwa kwamba Kiingereza kibakie na kitiwe nguvu. Sera ya elimu iliyozinduliwa mwaka 2015 ikafungua tena mlango wa Kiswahili kwa ngazi zote, na toleo lake la mwaka 2023 likakiacha Kiingereza mahali pake kuanzia sekondari. Mimi siwalaumu waliopitisha hili au lile. Nasema tu kwamba kijana aliyelelewa katika nyumba ambayo wazee wake hawajaafikiana juu ya njia, hawezi kuhesabiwa makosa akienda kwa mashaka.

Sasa tuje kwenye himma yenyewe. Wanazuoni wa Canada, Robert Gardner na Wallace Lambert, walioanza uchunguzi wao kwa wanafunzi wa Kifaransa mjini Montreal na kuutangaza mwaka 1959, waligawanya nia za mwenye kujifunza lugha katika mafungu mawili: yuko aitakaye lugha ili awakaribie wenyewe na kuwa mmoja wao, na yuko aitakaye kwa faida, kama vile kupata kazi au cheti. Fungu la kwanza halitufai sana. Mwanafunzi wa Iyula atamkaribia nani? Mwingereza hamwoni, majirani wa karibu watumiao Kiingereza katika shule na ofisi zao ni Wazambia wa Nakonde, na hao akikutana nao mpakani Tunduma atazungumza nao Kiswahili, Kibemba au Kinamwanga, kwa kuwa Wanamwanga wenyewe wamekaa pande zote mbili za mpaka. Baadaye, mwaka 2005, Zoltán Dörnyei, Mhungaria aliyesomesha Nottingham, akaleta fikra ambayo naiona ina nuru zaidi kwetu: kwamba kinachomvuta mtu ni taswira aliyo nayo ya nafsi yake ya kesho, yaani mtu yule anayetamani kuwa, kando ya yule mwingine anayeambiwa na watu kwamba imempasa kuwa. Vijana wetu wamejazwa hiyo ya pili. Wameambiwa tangu utotoni, na vibao vimetundikwa mitini katika shule za sekondari vikiwaamuru, kwamba ni wajibu wao kusema Kiingereza. Wengine waliadhibiwa kwa kosa la kusema Kiswahili uwanjani. Wajibu huzaa utiifu kwa muda, na utiifu huo hukoma siku msimamizi anapogeuza kisogo, na chuo kikuu ndipo mahali ambapo msimamizi hayupo.

Hubaki ile nia ya faida, ambayo ndiyo wahadhiri hupenda kuihubiri: someni Kiingereza mpate ajira. Haikosi ukweli, lakini nguvu yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Ajira iko mbali, baada ya miaka mitatu au minne, na haina hakika. Kijana anamjua kaka wa jirani aliyemaliza shahada kwa heshima na sasa anaendesha bodaboda mjini Mlowo. Zaidi ya hayo, macho yake yanamwonyesha kwamba wakubwa wa nchi hufanya mengi makubwa bila ya Kiingereza. Bunge hujadili kwa Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Hata filamu za Marekani na China, katika vibanda umiza vya mijini na vijijini, humfikia zimekwisha kutafsiriwa na msimulizi mwenye madoido ambayo, kwa maoni yangu, mara nyingine huzidi uhodari wa filamu yenyewe. Mimi nayafurahia yote hayo, maana ni haki ya Kiswahili na ya watu wake; lakini mwalimu wa Kiingereza asijifanye hayaoni. Zile ahadi za zamani, kwamba pasipo Kiingereza hakuna mlango utakaofunguka, haziaminiki tena, na mwanafunzi akimkamata mwalimu katika hoja moja iliyotiwa chumvi hatomsadiki katika hoja ya pili iliyo kweli.

Na kweli yenyewe ipo. Vitabu na majarida ya udaktari, ya uhandisi, ya kilimo na ya sheria za biashara vimejaa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili ni vichache; makala mapya juu ya ugonjwa wa kahawa yatokayo Brazil, Kenya au Ethiopia humfikia msomaji wa Mbozi kwa lugha hiyo. Haya ni madai madogo kuliko ahadi ya utajiri, lakini yana sifa ya kuthibitika leo hii, mbele ya macho ya mwanafunzi.

Kabla ya kufika kwenye namna ya kumwonyesha hayo, lazima tusimame juu ya adui mkubwa wa himma, ambaye kwa kipimo changu ni mkubwa kuliko ufukara wa vitabu na wingi wa wanafunzi madarasani, naye ni fedheha. Mtazame mwanafunzi wa mwaka wa pili siku ya wasilisho la kundi lake. Jana usiku, chumbani, walijadili swali kwa Kiswahili kitamu, wakatoa mifano ya mashamba ya kwao na ofisi za halmashauri walizozijua, hata yule mkimya wao akaleta hoja iliyowazidi wote. Asubuhi hoja hiyo haimo. Kilichomo katika karatasi ni sentensi zilizonakiliwa kutoka kwenye madesa, yaani yale maandishi ya masomo yanayopitishwa mkono kwa mkono, kwa kuwa za madesa haziwezi kukosolewa sarufi. Anasimama, anasoma bila ya kuinua uso, karatasi inatetemeka mkononi. Anakosea kitenzi kimoja, na nyuma ya chumba kicheko kinapita chini kwa chini. Anapoulizwa swali anasema kwa sauti ndogo, "Naomba nichanganye," na mhadhiri ama anamkatalia kwa mujibu wa kanuni, ama anamkubalia kwa uso wa kumsamehe aliyekosa, na baina ya hayo mawili sijui lipi linaloumiza zaidi. Mwenzake aliyesema vizuri hakusalimika naye, maana huyo ataambiwa nje kwamba anajifanya Mzungu. Asiyejua huchekwa, na ajuaye husutwa kwa majivuno. Njia ya amani kwa wote ni kunyamaza na kungoja mtihani wa mwisho wa muhula, na kuomba Mungu isije ikawa supu, yaani mtihani wa marudio. Kwa uzoefu wa wengi, mchekaji mkubwa ndiye ambaye yeye mwenyewe hasimami.

Dawa ya fedheha haipatikani kwa mawaidha. Hupatikana kwa mpango. Makundi yakiwa ya watu sita au wanane, mtu akazungumza mbele ya wanane kabla ya kusimama mbele ya mia mbili, kosa hupungua uzito wake. Mhadhiri akiikaribisha hoja kwanza, kisha akasahihisha lugha baadaye na kwa siri, mwanafunzi hujifunza kwamba ana kitu cha kusema. Na mjadala wa Kiswahili wa usiku, ule uliozaa hoja njema, ungepewa idhini rasmi ya kuwa hatua ya kwanza ya kazi, na baada yake kundi likapewa muda wa kuivalisha hoja yao Kiingereza, kazi hiyo isingekuwa tena ya kunakili. Wako watakaoudhika na ushauri huu wakidhani Kiswahili kitakimeza Kiingereza. Ushahidi hauko upande wao. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameeleza kwa miaka mingi kwamba kutumia lugha kufundishia masomo mengine si sawa na kuifundisha lugha hiyo, na kwamba anayetaka wanafunzi wajue Kiingereza awafundishe Kiingereza, kwa walimu wanaokijua na kwa saa za kutosha. Na mfano wa Waholanzi na Waskandinavia, ambao watoto wao husoma kwa lugha za kwao na wakikua huzungumza Kiingereza vizuri kuliko sisi, hauhitaji kuelezwa zaidi.

Vyuo vyetu havikukaa kimya kabisa. Kozi ya stadi za mawasiliano hufundishwa kwa wa mwaka wa kwanza karibu kila mahali, na si haba kwamba ipo. Lakini katika vyuo vingi hufundishwa kwa umati mkubwa katika ukumbi mmoja, kwa muhula mmoja au miwili, ikigusa kila kitu, uandishi wa insha, namna ya kunukuu vitabu, aina za maneno, adabu za mkutano, na mwisho wake ni mtihani wa kuchagua jibu, ambao mtu aweza kuufaulu pasipo kuandika aya moja. Kozi hiyo haina uhusiano na kozi nyingine: mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, chuo kilichozaliwa mwaka 1986 kikiwa chuo cha ufundi na kupata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2012, anahitaji Kiingereza cha taarifa ya maabara na cha zabuni ya ujenzi, ilhali mwanafunzi wa ualimu katika Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji anahitaji Kiingereza cha kumweleza mtoto wa kidato cha kwanza, ambacho ni kitu kingine mbali. Kwa kulinganisha, huko Oman, Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kilichofunguliwa mwaka 1986, hufundisha sayansi kwa Kiingereza vijana ambao lugha yao ni Kiarabu, na wengine wao Kiswahili wamekirithi kwa wazee wao wa Unguja na Pemba. Lakini asiyefikia kiwango hupitishwa kwanza katika masomo ya msingi ya lugha kabla hajaingia katika fani. Hilo lina gharama. Sisi nasi twalipa gharama, tena kubwa, ila tumezoea kuilipa kimyakimya kwa vijana wanaorudia masomo na kwa wanaodisko, yaani wanaoondolewa chuoni kwa kufeli.

Ama ile himma ninayoisema, nimeiona waziwazi nje kabisa ya chuo. Tunduma, ambapo barabara kuu na reli ya TAZARA zinaingia Zambia, na ambapo tangu mwaka 2019 maofisa wa nchi mbili hufanya kazi katika kituo cha pamoja cha mpakani, malori ya kwenda Lusaka na Lubumbashi hupanga foleni usiku na mchana, na kila lori lina hati, na hati hizo aghalabu ni za Kiingereza. Vijana wanaowasaidia mawakala wa forodha, wengi wao hawakuvuka kidato cha nne, huzisoma hati hizo, huona palipokosewa uzito au jina la mzigo, humpigia mwenye mali simu upande wa pili na kumweleza. Kiingereza chao kimejaa mikwaruzo. Nyakati hakina na vitenzi hakiviheshimu. Lakini hawaoni haya, kwa kuwa mtu wa upande wa pili hangojei ufasaha, anangojea kujua lori lake litavuka lini. Na kila mwezi Kiingereza hicho huwa kizuri zaidi kidogo, kwa maana kosa hapo lina natija: hati hurudishwa, mzigo hulala, fedha hupotea.

Mfano mwingine ni wa hapa kijijini. Wakati wa mavuno, kijana wa mwaka wa pili alikuwa amerudi likizo, na baba yake akamletea dawa ya kuvu iliyonunuliwa ng'ambo ya mpaka, ya kupigia kahawa iliyoshikwa na chulebuni, na maelezo ya kijikaratasi chake yalikuwa Kiingereza kitupu. Kijana akayasoma kwa sauti nzuri, mstari hadi mstari, kama afanyavyo chuoni. Mzee akangoja, kisha akauliza kwa upole, "Sasa, mwanangu, pamesemaje? Nipige leo, au nisubiri?" Kijana akanyamaza. Akakaa chini, akafungua kamusi ya simu, akampigia mwenziwe anayesoma kilimo, akarudia mstari mmoja mara nyingi, na jua lilipokuwa linashuka akamweleza baba kipimo cha dawa kwa bomba la mgongoni la lita 20, na siku ambazo mti ukishapigwa dawa usichumwe. Jioni hiyo alijifunza Kiingereza zaidi ya wiki nzima ya ukumbini, na hakuna aliyemhimiza. Baba yake ndiye aliyekuwa anangojea jibu.

Vyuo vyaweza kuyaiga mambo hayo mawili pasipo fedha nyingi. Chama cha msingi cha wakulima hupokea nyaraka za Kiingereza juu ya madaraja ya kahawa na masharti ya wanunuzi. Zahanati hupokea maelezo ya vifaa. Mafundi wa pampu na paneli za jua hununua mitambo ambayo kitabu chake cha maelezo hakisomeki kwao. Mwanafunzi akipewa mojawapo ya hizo, akatakiwa aitafsiri kwa Kiswahili ambacho mwenye kuihitaji atakielewa, na alama zake zitegemee kama huyo mwenye kuihitaji ameelewa, hapo atasoma Kiingereza kwa makini ambayo mtihani haujapata kuyazalisha. Tafsiri imedharauliwa na walimu wa lugha kwa muda mrefu, nami naona dharau hiyo ni ya kuazima. Shaaban Robert, ambaye hakupata kuingia chuo kikuu, alitoa mwaka 1952 tafsiri ya Omar Khayyam aliyoifanya kutoka katika Kiingereza cha Edward FitzGerald. Mwalimu Nyerere, akiwa na nchi nzima mikononi, alimtafsiri Shakespeare mara mbili, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hawa walikijua Kiingereza hadi mifupani, na mlango walioupitia ulikuwa mapenzi yao kwa Kiswahili.

Kuna pingamizi moja la leo ambalo halikuwapo zama zao, nalo ni programu za akili mnemba, zinazoandika insha ya Kiingereza safi kwa muda wa kunywa chai. Wahadhiri wengi wameingiwa na hofu, na wanayo haki. Lakini kilichovunjwa na programu hizo ni kazi ambayo tangu hapo haikuwa na mpokeaji: insha isiyosomwa na mtu ila kwa ajili ya alama imepata mwandishi asiye mtu, na sioni ajabu yake. Kazi ya kumweleza mzee kipimo cha dawa, au ya kusimama mbele ya watu wanane na kujibu maswali yao, mashine haitaimaliza peke yake. Tena mashine hiyo hiyo ina fadhila moja ambayo madarasa yetu hayana: haicheki. Kijana mwenye haya aweza kuirudia sentensi moja mbele yake hata mara thelathini. Akifanya hivyo usiku, na kesho akapata mahali pa kuitumia mbele ya binadamu wenziwe, ni msaada; akikosa mahali hapo, ataiacha imwandikie.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vyuo vya Mbeya, ambako vijana wengi wa Songwe huenda, waanze na mambo matatu wasiyohitaji sera mpya kuyafanya: wayagawe madarasa ya stadi za mawasiliano katika makundi madogo kwa kadiri ya fani, hata ikibidi kuwatumia wanafunzi wa shahada za juu kuyaongoza, waufute mtihani wa kuchagua jibu katika kozi hiyo, na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apewe walau kazi moja ya Kiingereza ambayo mtu wa nje ya chuo anaihitaji na ataipokea kwa mkono wake. Na wahadhiri wa masomo mengine, ambao husema kwamba lugha si kazi yao, wakumbuke kwamba kicheko cha nyuma ya darasa kinazimwa na mtu mmoja tu aliyepo chumbani mwenye mamlaka ya kukizima, na mtu huyo ni wao.